Mtu Asiyekosa Msiba

Mwanangu Seif,

Tulifundishwa kwamba barua huanza na hali. Hali yangu unaijua. Mchana umenikuta uani nakuna nazi, macho mekundu, ukauliza kama ni moshi nikakubali. Haukuwa moshi.

Sasa hivi umetoka kwenda kuwaaga wenzako, na Bibi yako amejinyoosha kidogo kabla ya magharibi. Nimekaa kitandani kwako pembeni ya begi lako, ambalo tangu asubuhi nimelifungua na kulifunga mpaka zipu imelegea. Ya sabuni na soksi na kuamka mapema sikuandikii. Mama Neema, unayekwenda kukaa kwake, atakwambia kila siku mpaka umchoke. Mimi nina jambo jingine, na ningekwambia kwa mdomo kama mdomo wangu ungekuwa mdomo wa kutegemewa.

Kesho sikupeleki.

Nilikuahidi nitakufikisha mwenyewe mjini, Makorora, mpaka mlangoni kwa Mama Neema, na ahadi hiyo naivunja. Shule inataka mripoti kesho, haingoji. Na kesho hiyo hiyo, saa nne, kuna mkutano mkuu wa kijiji. Diwani wetu, Bwana Mbaruku, anakuja kutuomba tukubali bati na matofali ya shule yetu yapakiwe kwenye lori, yapelekwe kule walikoamua shule ikajengwe. Nataka niwepo. Nataka nisimame niseme hapana.

Mimi, Seif. Cheka kwanza, ukimaliza uendelee kusoma.

Nina haki ya kuchekwa. Wewe ndiye uliyekuwa msemaji wangu tangu hujaota meno ya mbele. Unakumbuka zahanati? Mgonjwa mimi, na nikakusukuma wewe dirishani ukaseme. Nesi akauliza, "Mama yako mdogo anaumwa nini?" Nilikuwa nimekunong'oneza useme tumbo halijatulia. Ukapaza sauti foleni nzima ikasikia: "Anaharisha!" Niliapa sitarudi pale mpaka nife. Lakini dawa nilipewa ya haki.

Huko uendako watakushangaa ukisema barua hii imetoka kwa mama yako, halafu wakisikia nina miaka kumi na tisa. Waambie kwetu mdogo wake mama ni mama, umri hauulizwi. Dada yangu yuko Maskati analea watoto wa watu, na tangu apande ndege wewe umekuwa wangu na wa Bibi. Nimekupiga, nimekukanda kwa maji ya moto, nimekaa kikao cha wazazi nikiwa mdogo kuliko mwalimu wa zamu. Kwa hiyo mwanangu ni neno langu halali, nalitumia.

Na kwa neno hilo nakwambia kitu kinachonichoma. Wewe huondoki kwa sababu umekua. Wewe bado unalala na taa. Unaondoka kwa sababu mtu mmoja, kwenye ukumbi ambao hatujawahi kuuona, alinyoosha mkono.

Nitakueleza alivyofika kwenye huo ukumbi. Sisi ndio tuliompeleka.

Babu yako alipofariki ulikuwa mdogo, lakini nadhani mvua unaikumbuka. Kaburi lilijaa maji. Wachimbaji walikuwa wakichota kwa ndoo na maji yakirudi, na wakati wa kumshusha maiti ulipofika watu wakasitasita. Bwana Mbaruku siku hizo alikuwa mnunuzi wa nazi tu. Alivua viatu, akapandisha kanzu, akashuka. Maji yakamfika magotini. Akampokea baba yangu mikononi kama anavyopokelewa mtoto mchanga. Mimi sikuona, wanawake hatufiki kule, ila nimesimuliwa mara nyingi mpaka naliona tope kwenye kanzu yake. Akakaa matanga yote. Akalala mkekani na wanaume wa ukoo. Siku ya hitima alikuwa wa mwisho kuaga.

Nakwambia haya ili usije ukadhani ni mtu mbaya. Ningependa awe mbaya. Kazi yangu ya kesho ingekuwa nyepesi.

Na si kwetu tu. Hakuna nyumba hapa ambayo hakuingia siku ya kilio. Akisikia amekufa mtu, hata awe Moa, hata awe Horohoro mpakani, anaacha biashara yake anakwenda. Kwa hiyo uchaguzi ulipokuja hapakuwa na mjadala. Barazani, bombani, baharini kwenye mwani, neno lilikuwa moja: "Mbaruku mtu wa watu. Hakosi msiba."

Aliyeshindana naye alikuwa Mwalimu Hoza. Huyo alikuwa Mbondei, alistaafu ualimu akabaki hapa hapa. Mkavu. Hazunguki maneno. Kikao kikichelewa anauliza kwa nini kimechelewa, tena anamuuliza aliyekichelewesha. Bomba tunaloteka maji mpaka leo ni yeye aliyelifuatilia, ofisi hadi ofisi, akirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kosa lake lilikuwa moja. Siku alipozikwa mzee mmoja wa ukoo mkubwa hapa, Mwalimu alikuwa mjini kwenye mambo ya hilo bomba. Hakufika.

Basi. Kwisha habari yake.

"Mtu hata kuzika hatuziki, atatuongoza vipi?" Hilo nililisikia kwa masikio yangu, na walikuwa wamesimama hapo hapo bombani wakilisema, maji ya Mwalimu yanajaa kwenye ndoo zao. Na mimi, mtoto wa shule, niliitikia. Nilizunguka na wenzangu tukiimba jina la Mbaruku. Nani asingeimba? Alishuka kwenye maji ya kaburi la baba yangu.

Mpaka leo najiuliza nani alitudanganya kwamba kushuka kaburini na kusimama kwenye kikao cha madiwani ni kazi moja. Tulimchagua diwani kama tunavyochagua mkwe: mpole, anasalimia wakubwa kwa wadogo, hana maneno. Halafu tukamtuma mahali ambapo kazi yenyewe ni maneno.

Boma la shule unalijua, umelibeba kichwani. Miaka yote watoto wa hapa wakimaliza la saba, sekondari iko mbali. Wasichana wanadandia bodaboda asubuhi na jioni mpaka siku moja unasikia fulani kaacha shule, na kila mtu anajua kwa nini na hakuna anayesema. Tukaambiwa wananchi wakisimamisha kuta mpaka kwenye lenta, Halmashauri itaezeka. Tukasimamisha. Kila msaragambo wa kujenga kwa pamoja ulipoitishwa tulitoka. Wanaume walivunja matumbawe, wanawake tulipanga foleni ya ndoo, nyinyi watoto mlichekecha mchanga. Ulikuwa na jiwe lako ambalo ulimkatalia fundi asilipasue, ukataka liingie zima kwenye kona, akalitia zima. Matofali ya vyumba vingine yakafyatuliwa yakapangwa. Mama yako akatuma bati kutoka Maskati, na wengine wenye ndugu nje wakatuma. Ungekuwa kidato cha kwanza kwenye chumba chenye jiwe lako.

Halafu Halmashauri wakakaa, wakaamua shule ya kata iwe kwingine, kando ya lami.

Tulipata habari jinsi tunavyopata habari zote, kwa mwenye bodaboda. Bwana Mbaruku mwenyewe alipita siku kadhaa baadaye kumjulia hali Bibi, maana hapiti hapa bila kubisha hodi. Wewe ulikuwa shule. Jirani yetu Bi Kidawa alikuwa uani kwetu anafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Mimi nikaleta kahawa nikarudi nyuma ya pazia, kama kawaida yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa kitako." Bibi alimwacha apige funda la kwanza. "Mwanangu, nasikia shule imehama. Shule nayo ina miguu?"

"Haikuhama, mama. Imetafutiwa eneo rafiki."

"Rafiki wa nani?" Bi Kidawa, hata uso hakuinua.

Diwani akacheka. "We Kidawa nawe! Pale ni barabarani. Wakaguzi wanafika kwa urahisi."

"Wakaguzi ndio watakaosoma?"

"Mambo ya serikali yana utaratibu wake, dada yangu."

Bibi akauliza taratibu, kama anauliza bei ya dagaa: "Na wewe ulipoulizwa ulisemaje?"

"Nilinyoosha mkono, mama. Wote walinyoosha. Wengi wape. Na chama kilishakaa kabla ya kikao, msimamo ukatoka. Ukienda kinyume unaonekana mkorofi, na uchaguzi ukija hawakupitishi tena."

"Sisi je? Uliwaambia sisi tunasemaje?"

Akazungusha kikombe. "Niliwaambia wananchi wangu ni waelewa."

Waelewa! Mwanangu, nililiweka birika chini. Tumevunja mawe, tumechota maji, kuna mwanamke yuko Arabuni anaosha vyoo vya watu ili bati lifike, na sifa yetu huko ukumbini ni kwamba sisi ni waelewa. Maana yake hatutasema kitu. Alichukua adabu yetu, ile ile tunayowafundisha nyinyi kwa fimbo, akaenda kuwahakikishia wenzake kwamba haina hatari.

Bi Kidawa akakata uzi kwa meno. "Diwani, tukifa unakuja mbio, jeneza unalibeba kwa bega lako. Tukiwa hai hatukuoni. Basi tufe sote, labda shule itaezekwa."

"Astaghfirullah, Kidawa! Mdomo huo!"

Wakacheka. Wote watatu, na diwani mwenyewe zaidi kuliko wote. Na ndivyo tulivyo. Lile lilikuwa shitaka, tukaligeuza utani, utani ukanywewa pamoja na kahawa. Akamwombea dua marehemu babu yako, akaondoka. Na mimi, niliyekuwa nachemka nyuma ya pazia, kabla hajaondoka nilitoka nikammiminia kikombe cha pili.

Utasema, kwa nini hatukumwondoa kwa kura? Hilo nami nililiuliza. Kitabu cha uraia kinasema mwakilishi akikuangusha unamwondoa. Nililikariri kwa Kiingereza, nikajibu kwa Kiingereza, nikapewa vema. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, na labda ndiyo maana mambo hayo yalinipita bila kunikwaruza. Yalikuwa ya lugha ya mtihani. Nikiyasema kwa lugha ya nyumbani yanauma.

Uchaguzi wa juzi ulikuwa wa kwanza kwangu. Nilivaa gauni la Idi, unakumbuka, ukaniuliza kama naolewa. Nilikwenda na kadi yangu nimeishika kwa mikono miwili. Nikapewa karatasi ya rais, nikapewa ya mbunge, nikabaki nimesimama. Yule dada wa kituoni akaniambia, "Zimeisha. Pita." Nikanong'ona, ya diwani je? Akasema, "Diwani amepita bila kupingwa." Kwa sauti, kama wewe pale zahanati, na watu nyuma yangu wakacheka.

Wawili walikuwa wametaka kugombea. Mmoja aliambiwa fomu yake ina kasoro. Wa pili waliitwa wazee wakamketisha, wakamwambia asimwaibishe mtu aliyewazika wazazi wake. Akarudisha fomu. Na Mwalimu Hoza alikuwa ameshafariki. Unajua nani alifika wa kwanza kwenye maziko yake? Unajua nani alisimama akasema tumepoteza nguzo? Watu wakalia. Nikalia na mimi, na nilikuwa silii kwa ajili ya hotuba.

Kwa hiyo nilikuwa na kadi, nilikuwa na umri, nilikuwa na hasira, na karatasi haikuwepo. Siku moja katika miaka mitano ndiyo tuliyopewa ya kusema, na hata siku hiyo mtu anaweza kupita juu yake bila kuikanyaga.

Sasa nikwambie langu, maana sitaki uende Makorora ukidhani mama yako mdogo ni malaika anayewanyooshea wengine kidole.

Nilipokuwa bwenini walinichagua mwakilishi wa wasichana. Hujawahi kulisikia kwa sababu sikuwahi kulisema hapa nyumbani. Sikugombea. Waliniteua kwa sababu, walisema, "Zuhura mpole, hagombani na mtu." Sababu ile ile! Jambo lilikuwa tangi la maji la upande wetu, lilikuwa linafungwa jioni, na wasichana, we utaelewa ukikua, kuna siku maji ya jioni si anasa. Usiku wakanipanga niseme nini, kwa Kiswahili kikali, kila mmoja akaongeza pilipili yake. "Waambie tunanuka!" "Waambie waje walale humu wao!" Nikaitikia yote.

Asubuhi nikaingia kikaoni. Nikapewa kiti. Seif, sikuwahi kukaa kwenye kiti kama kile, kina mto. Nikawekewa chai na andazi. Mwalimu mkuu akaniita kwa jina langu na la baba. Kikao kilikuwa kwa Kiingereza, na sentensi ya kwanza iliyonijia kwa Kiingereza ilikuwa ya kushukuru, kwa sababu ndizo tulizofundishwa. Nikashukuru uongozi. Nikashukuru kwa mengi. Nikataja maji mwishoni, kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi mezani kwa watu. Wakasema litafanyiwa kazi. Nikamaliza andazi langu.

Niliporudi bwenini walikuwa wamekaa wananingoja. Nikawaambia, "Wamesema litafanyiwa kazi." Na wallahi nilijiona nimeleta kitu. Neema, huyu huyu binti wa Mama Neema unayekwenda kukaa kwao, ndiye aliyesimama. Yeye Mluteri, babu yake alikuja pwani hii kukata mkonge, na nyumbani kwao wakubwa na watoto wanabishana mezani bila mtu kuvunjiwa heshima. Akaniangalia, hakupandisha sauti.

"Tulikutuma ukaseme," akaniambia. "Hatukukutuma ukakae."

Hakunisemesha muda mrefu. Halafu siku moja akabeba ndoo tupu, akaenda kuiweka mbele ya ofisi, akasimama pembeni yake. Wengine wakaenda na ndoo zao. Mimi nikaenda na yangu, nikasimama mstari wa nyuma. Tangi likafunguliwa. Hakuna aliyekuwa na kiti siku ile.

Tangu hapo nikimwona Bwana Mbaruku anasema "utaratibu" naijua ladha ya neno hilo mdomoni mwake. Ni ladha ya andazi. Hawakumtishia mtu yule, wala sidhani walimpa chochote cha maana. Walimpa kiti, wakamwita mheshimiwa, na kuanzia hapo watu wa kuwaogopa wakawa wale waliokaa naye, sisi tukawa wale wa kuwatuliza. Na kwa sababu namwelewa ndiyo maana namkasirikia zaidi. Mimi nilikuwa mtoto na lilikuwa tangi. Yeye ni mtu mzima na ni shule.

Lakini nikitulia hasira inahama, inatoka kwake inakuja kwetu. Mkutano mkuu wa kijiji si wa diwani. Ni wetu, kila mwenye miaka kumi na minane ana sauti pale, hahitaji kuwakilishwa na mtu. Bibi anasema zamani kidogo watu walikuwa wanabishana pale mpaka jua linazama. Sasa tunakwenda kusikiliza taarifa. Tunakaa chini, wanaume huku wanawake kule, anasimama mtu anatuambia tulichokwisha kuamua, tunapiga makofi, tunarudi kupika. Tumewapa watu wachache midomo yetu kwa muda mrefu mpaka tumesahau kwamba ilikuwa yetu. Na mimi ni wa kwanza. Mimi nilikupa wewe, mtoto, ukanisemee kwa nesi!

Wiki iliyopita, kipaza sauti kilipopita kutangaza mkutano, nilimwambia Bibi nataka kusema. Tulikuwa tunachambua mchele. Hakuniangalia.

"Mtu aliyemzika baba'ako humkunjii uso mbele za watu."

"Sitamkunjia uso, mama. Nitasema tu."

"Kwa watu wa hapa ni kitu kimoja."

Nikarudi kwenye mchele, na siku zote zilizofuata sikuligusa tena. Nikakupangia safari, nikakuahidi nitakupeleka, na nakuungamia kwamba nilifurahi: Makorora ingenipa udhuru. Ningerudi jioni nikute lori limekwenda, nilaani na wenzangu bombani, nilale.

Jana alasiri Bibi akaniita. Alikuwa amekaa juu ya msala, tasbihi imesimama mkononi.

"Zuhura. Marehemu alikuwa mume wa nani?"

"Wako, mama."

"Basi wema wa Mbaruku ni juu yangu, si juu yako. Na mimi nimemwombea yule bwana kila Ijumaa tangu siku ile, sikuruka hata moja. Mungu ndiye atakayemlipa, hakuniambia nimlipe kwa shule ya wajukuu." Akarudisha tasbihi mwendo. Nikadhani amemaliza. "Kaseme. Ila umwamkie kwanza."

Kwa hiyo nitamwamkia. Nitasimama upande wa wanawake, nitasema shikamoo baba, nitasubiri aitikie, maana ataitikia, ndivyo alivyo. Halafu nitasema kwamba bati lile na matofali yale hayatoki. Kwamba shule wanaweza kuipeleka watakako, lakini hizi kuta ni zetu, na tutaziezeka wenyewe hata kwa makuti, na asiende tena kumwambia mtu kwamba tumeelewa. Ni hayo tu. Nimeyasema kwa kuku, nimeyasema kwa mbuzi wa Bi Kidawa, leo nimeyasema kwa nazi. Bi Kidawa kasema atakaa mstari wa mbele, na mtu akicheka atamshughulikia yeye.

Sijui kama itatosha. Huenda nikasimama na sauti isitoke, ukasikia huko huko kwamba mama yako mdogo alisimama kama mlingoti akakaa. Huenda ikatoka na watu wakaguna kwa aibu, wakanyoosha mikono ile ile, lori likapakia. Lori litakuja nalo, usifikiri. Wanatuomba huku injini inawaka. Na ikiwa hivyo, nyumba nzima hii itakuwa na jina: wale waliomkosea adabu mtu aliyewasitiri. Hilo nalo utalibeba na wewe, ndiyo maana nimeona nikuombe radhi kabla halijatokea.

Lakini mdogo wako wa jirani, Mwajuma, ndiyo kwanza anaingia la saba. Mwakani ni zamu yake, na yeye kwao hawana Mama Neema wa mjini. Yeye atadandia bodaboda.

Nasikia sauti yako kule njiani, unabishana na mtu kuhusu mpira. Naandika upesi, niiache barua juu ya begi uisome usiku huu.

Kesho alfajiri bodaboda atakufikisha barabarani, na amekubali kungoja mpaka upande basi na azungumze na kondakta. Bibi atakusomea dua mlangoni, usimharakishe. Mimi nitakuwa jikoni. Nikikukumbatia mbele ya watu nitalia, na machozi nayataka yangoje mpaka mkutano uishe.

Mama Neema atakuwa stendi. Atakuuliza niko wapi, maana anajua nakuja na nadhani amepika. Mwambie: mama mdogo amebaki, ana mkutano. Usiseme naumwa. Usiseme nimepata dharura. Usinipambie wala usiniombee msamaha, na akiuliza mkutano wa nini, mweleze wote. Ufikishe kama nilivyokutuma.

Mama yako mdogo,
Zuhura